Kavuo na Taji la Mavivi

Kavuo alikuwa na wivu tangu tumboni mwa mama yake. Usinibishie, nilikaa naye dawati moja hapa Butembo, Kongo.

Mwalimu wetu wa historia, Madame Clémence, alipenda kutusimulia habari za mabinti wa kikabaila wa Ujerumani: baba anatawala kitongoji na kinu cha unga tu, lakini binti anapelekwa nchi ya mbali kuolewa na mfalme, na picha yake inatoka na taji. Kavuo alikariri majina yao yote. Mdogo wake Virginie, tuliyesoma naye darasa moja, alikuwa akisinzia.

Sasa fikiria, mwaka wa tisini na tisa, vita vimepamba moto, Kamanda Valère wa waasi anamwona Virginie sokoni akiuza maharagwe, kesho yake analeta mbuzi kwa baba yao, mzee Mathe. Kavuo aliungua roho. Mfalme amekuja, na amemchagua aliyesinzia darasani!

Virginie hakumtaka. Alimpenda Delphin, kijana wa kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akalia jikoni mpaka macho yakavimba. Mzee Mathe alitaka kurudisha mbuzi, kumbe mdogo wake wa kiume, mroho, ameshachinja mmoja na watu wamekula. Kwetu mbuzi wa mahari akiliwa, ukoo umekubali. Na wa kukataliwa alikuwa na bunduki.

"Nitaenda miye," Kavuo akasema. "Batu banaleta mbuzi kwa nyumba, hapana kwa Virginie. Mukubwa ni miye."

Virginie akapiga magoti, akamshika miguu. "Yaya, dada yangu, unaniokoa!" Wazee wakatoa machozi. Mimi nilisimama mlangoni nikauona uso wa Kavuo. Alikuwa anajizuia kucheka.

Walimpeleka mjini Beni, kwenye nyumba ya kamanda upande wa Mavivi. Kamanda akamfunua kitenge usoni, akaona si yule wa sokoni. "Ni ndugu yake? Hakuna problème. Donc, basi, apike." Ndani mlikuwa na wake wengine wawili. Haya Kavuo alinieleza mwenyewe, kwa hasira, akichambua mchele. Lakini nyumba ilikuwa na mapazia na kochi, basi akajikaza, akangoja mdogo wake aje aone.

Virginie alikuja mwaka uliofuata na Delphin, aliyekwisha kumwoa, nami nikafuatana nao. Mtoto mgongoni, Delphin kabeba kikapu cha viazi. Mapazia hata hakuyatazama! Alimkumbatia dada yake, kisha akamgeukia mumewe: "Baba Kasonia, umechoka, ikala chini kwanza." Delphin akacheka, akamfuta mkewe tope shavuni kwa kidole gumba.

Kavuo alikiona kidole kile. Wivu ukamkaba, mbaya kuliko wa kwanza.

"Muende," akasema. "Bwana yangu hapendake bageni." Akafunga mlango kabla hata hatujaonja maji.

Njiani Virginie alilia sana. "Yaya anatuogopea basoda ba kamanda, bale ba bunduki," akaniambia. "Anatupenda sana."