Nilimwita Baba Mdogo Mwizi kwa Masomo ya Siku Nne

Jamani, kosa ni langu. Sina wa kumsingizia, na hata shetani simtaji maana hakuwepo. Nilifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu, cheti nimekishika mkononi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Masukulu, wilaya ya Rungwe. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Mama hakuwa na nguvu, alikuwa mgonjwa mgonjwa, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyenisomesha mpaka kidato cha nne kwa chai na ndizi. Akinunulia wanawe viatu, na mimi napata. Nataka mjue hilo kwanza, ili mkifika mbele mnichukie vizuri.

Baba mdogo alikuwa karani wa kikundi chetu cha wakulima wa chai kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku ya kuchuma kila mtu analeta majani bandani, karani anapima, anaandika kilo kwenye jina la mtu, gari la kiwanda linakuja kubeba. Mwisho wa mwezi mnalipwa kwa kilo zenu. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na daftari, kalamu, na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

Mimi nilikuwa nimekaa Mbeya miaka kadhaa nikiuza duka la mtu. Nilirudi na simu kubwa na maneno mengi. Siku moja rafiki akanitumia habari za kozi ya mwanzo ya uhasibu: unasoma mtandaoni, bure, ukimaliza unapewa cheti. Masomo kumi na mbili. Huku kwetu mtandao unasumbua, nikahamia Tukuyu kwa huyo rafiki yangu, mtaa wa Msasani wa hukohuko Tukuyu, nikaanza kusoma.

Somo la kwanza nilisikiliza vizuri. La pili pia. Nikajua mapato, matumizi, mali, madeni, na kwamba kila kinachoandikwa lazima kiwe na uthibitisho. Hilo la uthibitisho lilinikolea! La tatu bando likaisha katikati. Kuanzia la nne nikawa naruka video, naenda moja kwa moja kwenye maswali. Maswali yenyewe ya kuchagua, ukikosa unarudia. Nilirudia mpaka simu ikawa ya moto. Siku ya nne, cheti hicho! Nikakichapisha steshenari, nikakiwekea plastiki ngumu, nikarudi nacho kijijini.

Mwenyekiti wetu alipokiona alifurahi kunizidi. Siku hizo kampuni za kununua chai zilikuwa zimeongezeka, na kila moja inataka kikundi chenye hesabu zilizonyooka. Akaagiza nikague madaftari ya karani. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyenibebea mpaka nyumbani.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema akiyaweka mezani. "Kagua. Ukikwama, uniite."

Sikumwita.

Siku ya pili nikaona kitu. Kuna mjane mmoja, Mama Lusajo, ana kishamba kidogo cha chai nyuma ya nyumba. Wiki aliyomzika mumewe, daftari linasema alileta kilo nyingi kuliko wiki yoyote ya mwaka ule. Mtu amefiwa, yuko kwenye mkeka na wanawake wenzake, anachuma chai saa ngapi? Nikarudi nyuma kurasa nyingi. Kila palipokuwa na msiba, hivyo hivyo: jina la mfiwa, kilo zimejaa, pembeni kialama cha penseli. Hakuna sahihi wala karatasi.

Moyo ukanidunda. Naona aibu kuwaambia, lakini haukudunda kwa huzuni. Ulidunda kwa furaha! Nilidhani nimekamata mtu.

Kwenye mkutano watu walijaa, na bwana mmoja wa kampuni kakaa mbele. Nikasimama nikasoma majina ya wafiwa na kilo zao, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Mama Lusajo nikaona niwachekeshe. Nikasema, "Au marehemu aliamka akamsaidia kuchuma?"

Vijana wakacheka, na yule bwana wa kampuni naye. Wazee wakaangalia chini. Mama Lusajo akainuka, lakini baba mdogo akampungia mkono akae.

Mwenyekiti akamuuliza, "Karani, hizi kilo ni za nani?"

"Ni za walioandikwa."

"Walichuma wenyewe?"

"Hapana."

"Sasa alichuma nani?"

Baba mdogo akavua miwani. "Hilo siwezi kulisema hapa."

Nikadakia! Hakuna aliyenituma. Nikasema, "Mwenyekiti, kitabu hakidanganyi. Huu ni wizi." Kwa sauti, mbele ya watu wote, mtu aliyeninunulia sare ya shule.

Kura zikapigwa, akatolewa, nikawekwa mimi. Palepale nikapitisha sheria yangu ya kwanza: kilo ziandikwe kwa jina la aliyechuma, naye asaini. Watu wakanipigia makofi.

Siku ya tatu Mama Lusajo akaja kwangu. Nikampa kigoda, akakikataa, akaongea amesimama mlangoni.

"Wewe si umekulia hapa? Hujui mtu akifiwa wenzake wanapita shambani kwake? Chai haingojei matanga yaishe. Walichuma ya kwangu, halafu kila mmoja akaongeza ya kwake kidogo, ikapimwa yote kwa jina langu. Baba yako mdogo kazi yake kuandika. Yule hajala hata jani moja!"

"Mbona hakusema sasa?"

"Aseme na mimi nimekaa pale? Ukimtajia mfiwa ulichompa, si ndiyo unamdai? Ya msiba hayatajwi mbele ya aliyefiwa. Akaona heri aitwe mwizi."

Nikakikalia mimi kile kigoda. Kuchumiana wakati wa msiba nilikujua, nimekuona tangu mtoto. Ila sikuwahi kujiuliza zile kilo zinaandikwa wapi.

Sasa ungamo langu lenyewe ni hili, maana lile la kwanza mtasema sikujua. Nilipojua, nilinyamaza! Cheti kimetundikwa ofisini, mwenyekiti ananitambulisha kila mahali, "huyu ndiye mhasibu wetu". Nikajiambia nitasema mkutano ujao. Mkutano ukaja, nikasimama, nikaongea habari za mbolea.

Tukikutana njiani asubuhi baba mdogo ananisalimia, "Ugonile," anapita. Natamani angenitukana.

Haukupita muda mama yangu akafariki. Nikakaa matanga, mwenyekiti akanishikia mizani. Watu walikuja, walipika, walilia na mimi. Hakuna aliyeninunia.

Niliporudi bandani nikafungua daftari. Kwenye jina la mama hakuna kitu. Kwenye jina langu hakuna kitu. Nikasema basi, chai imekomaa shambani, wamenisusa, na ni haki yao. Nikaenda kuangalia. Nikakuta shamba lote limechumwa, juu ya michai pamenyooka safi!

Nikarudi kwenye daftari mbio. Baba mdogo, ambaye chai yake ni mistari michache tu, amepimiwa kilo siku baada ya siku, na kila siku sahihi yake imetulia pembeni. Mwenyekiti akanieleza bila hata kuona ubaya.

"Alileta akasema ni za mfiwa. Nikamwambia sheria yako hairuhusu, anaandikiwa aliyechuma. Basi akasaini. Wengine walipoona hivyo wakaogopa kuitwa wezi, wakarudi makwao. Akachuma mwenyewe."

Mzee wa umri ule, shamba zima, peke yake! Na malipo yalipotoka alikuja akawaachia wanangu hela yote kwenye bahasha. Hakuacha salamu wala kikaratasi.

Nikaenda kwake nikapiga magoti. Nikamwomba msamaha. Akaniinua, akaniambia, "Mimi nilikusamehe siku ileile. Lakini nilisemwa mbele ya watu. Kama una neno, kalisemee hukohuko."

Imepita mikutano mitatu. Yote nimekaa pale mbele na daftari langu, sijasema. Msiba uliopita, hapa jirani, hakuna aliyekwenda kuchuma. Chai ya watu imegeuka kichaka, na ni mimi niliyefanya hivyo.

Baadaye nilirudi kwenye ile kozi nikasikiliza masomo niliyoyaruka. Kuna moja linasema ukiona hesabu huielewi, bado si wizi. Kwanza mfuate aliyeandika, mkae faragha, umuulize. Ni la dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja, ndugu zangu!

Wewe unayesoma kwenye simu, soma, sikukatazi, elimu ni nzuri. Ila usiruke. Na ukikuta kazi ya mtu wa miaka ishirini ina kialama usichokijua, funga mdomo wako, nenda kamuulize. Na ukishakosea, sahihisha siku hiyohiyo, usingoje kama mimi, kwa sababu kila siku unayongoja mdomo unazidi kuwa mzito.

Mkutano mwingine ni Jumamosi. Huku kwenu mtandaoni nimeweza kusema kwa sababu hamnijui. Kule wananijua wote, na Mama Lusajo hukaa mstari wa mbele.