Hutuma Trekta

Sipendi kuandika maelezo ya programu, na sijawahi kupenda. Nikishaiunda programu ikafanya kazi, kuniambia tena niieleze ni kama kuniambia nimtafunie mtu mzima chakula. Kwa maringo hayo nilikaribia kumharibia mama yangu miezi kumi na minane ya jasho la miwa.

Chama cha wakulima wa miwa kilichoniajiri, upande wa Butali, kilikuwa na matrekta matatu ya kubebea miwa kiwandani, na mama mmoja aliyeyapanga kwa simu tangu nikiwa shule ya msingi. Alipokaribia kustaafu, nilijifungia nyumbani kwangu Shieywe nikaunda wakala wa akili unde wa kushika kazi yake. Wakala huyo husoma ujumbe wa mkulima, huuliza maswali, kisha huchagua mwenyewe zana ya kutumia, yaani programu ndogo ya kazi moja. Kila zana huandikiwa maelezo, na hayo ndiyo macho ya wakala, hana mengine. Zana ya kwanza niliiandikia maneno mawili: "Hutuma trekta." Nikajipongeza kwa ufupi.

Siku ya kuaga, yule mama aliniambia kuna mambo bado hajanieleza. Nikamwambia asijisumbue, apumzike.

Jumatatu wakala akaanza. Aliwauliza wakulima kama miwa imekatwa, na ndani ya dakika chache karibu wote walijibu kwamba imekatwa kabisa. Trekta la kwanza lilikuta miwa imesimama, mirefu kuliko dereva, mwenyewe ameenda kutafuta wakataji. La pili likakuta ng'ombe amefungwa katikati ya shamba, na dereva akakaribishwa chai. La tatu likakuta miwa ya kufika magotini. Mwenye shamba alieleza kwamba alikuwa akijaribu tu kama namba inafanya kazi.

Si kwamba watu wetu ni waongo. Wakataji hawaji mpaka wasikie trekta limeahidiwa, na trekta haliji mpaka miwa ikatwe. Kwa hiyo mtu husema imekatwa, ndipo aanze kutafuta mapanga. Nimekua nikisikia hivyo. Sikuona haja ya kuandika jambo ambalo kila mtu analijua.

Mama yangu naye alikuwa amekata kweli, tangu Jumamosi. Miwa ikishalala chini haina subira. Jua huinyonya na uzito hupungua kila siku, na uzito huo ndio ungekuwa mabati ya nyumba yake na ya jikoni kabla mvua hazijakolea. Ila mama ni mtu wa kanisa. Alimsalimu wakala, akamuuliza watu wa kwake wako aje, kisha akaandika: "Imekatwa, isipokuwa mistari miwili hapo kwa mti, ambayo Mungu akipenda tutamaliza jioni." Wakala akaona kazi bado, akampeleka mwisho wa foleni.

Jumatano mama akanipigia simu. Huniita baba akiwa na upendo mwingi au hasira nyingi.

"Baba, nauliza tu. Hiyo kitu yako inapendanga waongo?"

Niliona aibu, aibu ya kuwasha masikio. Nikapanda pikipiki moja kwa moja hadi kwa yule mama mstaafu. Nilimkuta akisonga obusuma, akanisikiliza bila kuacha mwiko.

"Uliiandikia nini?"

Nikamsomea.

"Soma yote."

"Ndiyo yote, mama."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hutuma trekta! Hata mgeni akija kwangu, si namwonyeshanga choo iko wapi? Sasa hiyo kitu, imetoka mbali hivyo, haina hata shangazi hapa, itajua aje? Andika."

Nikaandika, moshi ukinitoa machozi. Zana hii hutuma trekta kwenye shamba ambalo miwa yake imelala chini. Usiitumie kwa sababu tu mkulima amesema imekatwa. Mwombe atume sauti kutoka shambani, usikie mapanga, au kiongozi wa wakataji aseme wamebakisha mistari mingapi. Anayejibu haraka kwamba imekatwa kabisa hajaanza. Anayetaja mistari iliyobaki amekata. Huyo mpelekee kwanza.

"Na ikinyesha," akaendelea, "ile barabara ya mtoni haipitiki. Ulijua?"

"Nilijua."

"Uliandika?"

Niliinamisha kichwa nikaandika.

Alhamisi wakala aliamkia maelezo mapya, na kabla ya saa mbili asubuhi trekta lilikuwa kwa mama. Tangu siku hiyo hakuna dereva aliyekutana tena na ng'ombe. Lakini miwa ya mama ilikuwa imekaukia chini siku tano. Mabati yalitosha nyumba, jikoni hayakufika.

Siku hizi tukienda kumsalimia mama, ndugu zangu hukaribishwa sebuleni, penye ingokho, kuku wa kwetu, na soda. Mimi huwekewa kiti jikoni, chini ya tundu la paa, na karai la kukingia matone juu ya magoti. Na mvua ya Kakamega, alasiri, haikosi.

"Kaa hapo, baba," mama husema. "Hapo ndipo ulifupisha."