Tiki ya kijani mbele ya jina la bibi

Msimu ule wa mafuriko shule ilifungwa, nasi wanafunzi tukafurahi kimoyomoyo, Mungu atusamehe. Nilikuwa kidato cha tatu, bingwa wa kumwigiza mwalimu wa zamu. Kwa kuwa nilikuwa na simu janja na mdomo usiochoka, wakubwa wa mtaa wetu pale Kibiti wakanipa kazi ya kuendesha kundi la Watsapu la watu wa kujitolea. Aliyezingirwa na maji anatajwa kundini, mimi namwandika kwenye orodha, wenye boti huko delta wanamfuata. Akishachukuliwa, mtu wa boti anaweka tiki ya kijani mbele ya jina lake. Mwenye tiki tunamsahau, tunahangaika na wengine.

Mtu wetu wa boti upande wa Mbuchi alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba. Mabinamu ni watani, na utani wetu sisi wawili haukuwa na breki. Kundini ananiita kichwa cha kambale, namwita mwizi wa mboga. Nadhani wapo waliojiunga kwa ajili ya mafuriko wakabaki kwa ajili yetu.

Bibi mzaa baba alikuwa dunguni, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachohamia shambani kuwinga ndege wasimalize mpunga. Asubuhi akanipigia kwa kitochi chake, kile kisimu cha vitufe.

"Maji yanapanda ngazi, mjukuu wangu. Yamebakiza vipago viwili."

Nikamweka wa kwanza kwenye orodha. Saa nne tiki ikaja. Nikajibu kwa picha ya mbuzi anayecheza ngoma, nikaenda kunywa chai nikijiona mkuu wa wilaya.

Saa nane bibi akapiga tena. "Hiyo boti yenu inapitia Makka kuhiji kwanza?"

"Bibi, si umeshachukuliwa?"

"Kanichukua nani? Imepita hapa imejaa magunia ya mpunga ya mjomba wako. Binamu yako kanipungia mkono. Sasa maji yako kwenye mkeka."

Nikampigia binamu, hapatikani. Nikarekodi sauti nikaitupa kundini: "Mwizi muongo yule! Kaweka tiki na bibi yangu bado yuko kwenye maji! Mwenye boti yeyote aende, tafadhali!" Nilikuwa nalia kweli, kamasi na kila kitu.

Kundi zima likacheka. Vikatuni vya kucheka vikamiminika. "Leo kichwa cha kambale kaigiza hadi kilio!" Mwingine akaandika, "Watani hao, waacheni wamalizane." Nikaandika kwa herufi kubwa SITANII. Wakacheka zaidi. Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Wa kwanza akasema nimpe pole binamu, akakata. Wa pili alikuwa Mbwera, mbali, mafuta yamekwisha.

Saa kumi na moja ikaingia namba nisiyoijua. Ilikuwa sauti ya bibi, simu kaazima kwa mtu pale alipoteremshwa nchi kavu. Kitochi chake kilikuwa kimeanguka majini. Mnunuzi wa kaa alikuwa anapita na mtumbwi, akasikia mtu anagonga sufuria, akakata kona kumfuata. Hakuwa kwenye kundi letu. Hana hata simu.

Binamu alikuja baada ya siku tatu, na jogoo kwapani, anacheka tangu mlangoni. "Tungerudi kumchukua, wallahi. Tiki niliiwahisha tu. Baba alisema mpunga ukilowa basi." Bibi akampokea jogoo, akauliza kama anataga. Wote wakacheka, hata baba, halafu baba akanigeukia: "Huyo mtani wako, utamkasirikiaje?"

"Umenuna, kambale?" binamu akaniuliza.

Nikamvutia kiti. Nikamwambia, "Karibu kiti, ndugu. Habari za safari?"

Tangu siku hiyo namsalimia vizuri. Nampisha njiani, namuulizia wazazi wake, nasema asante na samahani. Juzi mama kaniita jikoni. Anasema binamu kaja kulalamika, kwamba nimemfanyia adabu mpaka hapati usingizi.

"Mtukane basi kidogo," mama akasema. "Anateseka."

Nikamwambia nitajaribu. Bado sijaweza.