Mkanda wa Mashine ya Baridi

Gari letu la chanjo lilikuwa kuukuu, la kupita porini, bodi lake limejaa mikwaruzo ya miiba. Tulilirithi kwa wazungu waliokuja kupima barabara ya bondeni, nao ndio waliofunga chini ya dashibodi mashine ya kupuliza hewa baridi. Kwetu Sumbawanga, ambako mwezi wa saba watu tunalala na soksi, hakuna aliyeihitaji. Lakini ukishateremka ule mlima wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, kule bondeni, joto linakupiga usoni kama umefunua sufuria. Mimi nilikuwa nesi wa chanjo. Nililiweka sanduku la chanjo ya surua mbele ya ile hewa, na barafu tuliyoomba misheni ilikuwa ikifika bondeni bado ngumu.

Siku moja mkanda wa mashine hiyo ulikatika tukiwa katikati ya mteremko. Tulipofika Muze, chupa zilikuwa zinaelea kwenye maji ya uvuguvugu. Kina mama walikuwa wanatungoja tangu asubuhi, watoto mgongoni. Nikawaambia dawa imeharibika.

Mmoja akaniuliza, "Sasa nesi, mmetuletea nini?"

Tukapanda mlima kurudi, mimi na dereva.

Kesho yake niliingia duka la vipuri pale mjini nikiwa na ule mkanda uliokatika. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu aliyekuwa pia na malori, aliugeuzageuza.

"Huu wa nini, mwanangu?"

"Wa mashine ya baridi, mzee. Ya kwenye gari."

Akacheka mpaka akakohoa. "Baridi? Sumbawanga hii? Mimi nauza blanketi!"

Wateja nao wakacheka. Nilitoka nimekasirika, ingawa najua hakuwa na nia mbaya.

Dereva akajaribu mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, ukawa mpana. Basi nikapanda lori la mahindi hadi Mbeya, kwenye bohari ya vipuri vya serikali. Nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika, mtunza bohari, kijana aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri, alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba manukato.

"Ndugu, kiyoyozi ni anasa. Viongozi wenyewe wanafungua madirisha."

"Si kwa ajili yangu. Ni ya chanjo za watoto."

"Kila anayekuja ana watoto."

"Njoo bondeni uwaone!"

"Mwingine," akasema, akiangalia nyuma yangu.

Nililia pale nje, kwa hasira, si kwa huzuni. Mwanamke aliyekuwa anauza maandazi akanionyesha uwanja wa magari mabovu nyuma ya gereji moja. Huko fundi alinivulia mkanda kwenye gari dogo lililopinduka. Ulikuwa umechakaa, lakini ulilingana na wetu. Njia nzima ya kurudi niliukumbatia mapajani.

Dereva aliufunga siku hiyohiyo niliyofika. Akawasha gari, nami nikaweka mkono mbele ya tundu. Mashine ikanguruma, hewa ikatoka. Ya moto.

"Subiri kidogo, Baba," nikamwambia dereva, "labda inajipanga."

Tukasubiri. Dereva akainama chini ya boneti, akanionyesha mpira uliopasuka. Gesi yote ya kupoza hewa ilikuwa imekwisha kutoka.

"Na hiyo gesi inapatikana wapi?"

"Labda Dar es Salaam," akasema, kama mtu anayetaja mwezini.

Surua haikutungoja. Habari zilianza kupanda kutoka bondeni: mtoto amezikwa, na mwingine. Tukatuma neno kwamba hatutateremka tena. Tutasimama juu ya mlima, kwenye ubaridi, na kina mama watufuate.

Wakapanda. Niliwaona wakijitokeza mmoja mmoja kwenye ukingo, vitenge vimelowa jasho, midomo imekauka, na niliwachanja watoto wao huku nikiona aibu kupokea shukrani. Mama mmoja aliketi kwenye jiwe akahema kwanza kabla hajamfungua mwanawe.

"Wengine wako njiani?" nikamuuliza.

"Sisi ndio tulioweza," akasema. "Wenye mapacha na wenye mimba wamebaki."

Nikalifunga sanduku. Chupa zilizobaki zilikuwa nyingi, na zote zilikuwa baridi.