Siku ya Kuchimba Lambo la Bukundi

Siku yangu ya kwanza Idara ya Maji, Bariadi, Mhandisi wa Wilaya alinikabidhi darubini ya kupimia mwinuko wa ardhi. "Darubini ipo, gari lipo," akasema. "Mafuta usiniulize." Ndiyo kwanza mageuzi ya uchumi yalikuwa yameanza, fungu la idara lilikatwa, tukabaki kuwasubiri wahisani kama mvua. Ninyi vijana mnaoandika "ubia" katika kila andiko la mradi, mimi neno hilo nililisomea juani.

Nilihamishiwa Meatu wakati wahisani wamekubali kujenga lambo Bukundi, ambako kila kiangazi akina mama waligombea vidimbwi na ng'ombe. Wao walete katapila na saruji. Kijiji kitoe nguvu za wananchi, yaani kazi ya mikono, kuanzia kuchimba msingi wa tuta la kuzuia maji. Mratibu wa mradi, mzungu mchapakazi asiye na subira, alipanga siku ya kuanza bila kumuuliza mtu. Tulipofika hapakuwa na jembe hata moja. Mzee wa kijiji alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo, na penye msiba Wasukuma hatuchimbi ardhi, isipokuwa kaburi.

"Wasipochimba leo, katapila linakwenda wilaya nyingine," Mratibu alisema.

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia twende kwanza tukatoe pole. Pale msibani nsumba ntale, kiongozi wa vijana katika kazi za kijiji, alitukaribisha.

"Mwadila, bwana Mratibu. Katapila ni lako, ukitaka liondoe. Ila mtu anayemwacha maiti wake ndani, lambo lako atalitunza?"

Mratibu alinigeukia. "Wewe ni mtu wa mradi. Unasemaje?"

"Mimi ni mtumishi wa Serikali," nikamjibu, "na nasema tungoje."

Alinuna, lakini alingoja. Matanga yalipoondolewa, nsumba ntale aliwaita vijana wake, na watu wakajaa hadi majembe yakawa yanagongana. Lambo likachimbwa.

Sasa nimestaafu. Nimefanya kazi na wahisani wengi, wakali na wapole, na sikumwogopa hata mmoja. Mkiniuliza ubia ni nini, nitawaambia habari ya Mratibu yuleyule. Ilipofika zamu ya kijiji cha Lingeka kujengewa lambo, alikuja ofisini kwangu, akavua kofia na kuniuliza, "Tuanze lini?"

"Sijui," nikamwambia. "Twende tukawaulize wenyewe."