Asante Niliyoisema Mapema

Mwaka juzi binti yangu alinipokea uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Tulipotoka nje na mizigo akaniuliza, "Baba, tuchukue teksi au tupande basi mpaka mjini?" Swali la kawaida kabisa. Mimi nikasimama pale nimeduwaa. Madereva wakanizingira, huyu anavuta begi, yule ananiita mzee wangu, na binti akadhani nahofia bei. Akacheka, akasema atalipa yeye. Sikumweleza kitu. Kati ya mji na uwanja wa ndege nilishachagua usafiri mara moja maishani, Kibondo, miaka ya sabini, na tangu siku ile sijiamini tena.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Kibondo. Nilikuwa na meza, kalamu mbili, suruali moja ya kupiga pasi na chumba cha kupanga nyuma ya soko. Kwa watu wa kwetu Mabamba hayo yalitosha kuniita mkubwa. Ubaya ni kwamba na mimi niliamini.

Mama yangu alikuwa mjane, mkulima wa maharage na ndizi, mwenye mdomo usiokaa na maneno. Mwaka ule jicho lake la kulia lilianza kuuma, akalitia majani, akaliombea, likafa. Haukupita mwezi la kushoto nalo likaanza: maumivu ya kichwa, kutapika, taa ya koroboi kuonekana na duara za rangi. Mganga wa hospitali alimpima mara moja, kisha akaniita pembeni. Jicho la kulia limekwenda, alisema. La kushoto linaweza kuokolewa, lakini siku zake ni za kuhesabu, na hapa hakuna mtu wa kulipasua.

Mama akarudi Mabamba kungoja. Wiki iliyofuata mganga aliniita tena, safari hii akitabasamu. Ijumaa ingekuja ndege ndogo kuleta wageni, na rubani amekubali kurudi na mgonjwa mmoja mpaka Mwanza, kwa daktari wa macho. Ndege ingetua saa tatu asubuhi na kuruka saa nne, haingoji mtu. Kwenda kwa barabara, kwa mvua zile na madaraja yale, ilikuwa kazi ya siku nyingi, na siku nyingi ndizo hatukuwa nazo. Nikatuma habari Mabamba kwa mtu mwenye baiskeli.

Alhamisi alasiri mama akafika. Alikuja kwa ingobyi, kile kitanda chetu cha kusuka kinachofungwa kwenye miti na kubebwa mabegani na wanaume wanne, huku wenzao wakifuata nyuma kupokezana. Walikuwa kumi na wawili. Walitembea siku mbili kwenye utelezi, na walipoutua mzigo wao mbele ya chumba changu, mama aliteremka akilalamika kwamba wamemtikisa kama maziwa ya kusukwa siagi. Wakacheka. Wengi wao hawakuwa hata majirani zetu tena, maana muda mfupi kabla ya hapo watu walikuwa wamehamishwa kutoka vilimani mwao na kupangwa katika vijiji vipya, huyu huku na yule kule. Lakini walipopigiwa mbiu walikuja wote.

Kiongozi wao alikuwa jirani yetu wa zamani, mtu mrefu, ndiye aliyenifundisha kupanda baiskeli nikiwa mtoto. Alifuta jasho, akauliza uwanja wa ndege uko wapi. Nikamwonyesha upande. Ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu yake.

"Basi tutalala hapa nje," akasema. "Alfajiri tunamnyanyua. Jua likichomoza tuko pale, tunamkabidhi kwenye ndege yenyewe, ndipo turudi."

Sasa nieleze jambo moja ambalo mgeni hawezi kulijua. Kwetu wabebaji hawamwachi mgonjwa mpaka mwenye mgonjwa aseme asante. Wanaweza kukaa siku tatu nje ya hospitali wakila mihogo ya kuchoma, hawaondoki. Neno hilo likishasemwa, wamefunguliwa. Mgonjwa anakuwa wako wewe na Mungu wako.

Nami nilikuwa na mipango yangu. Mkubwa wangu wa kazi, ambaye ndiye angewapokea wale wageni, alikuwa na Landrova ya ofisi. Nilipomweleza habari ya mama alinishika bega mbele ya makarani wenzangu. "Mama yako ni mama yetu sote," alisema. "Saa mbili kamili gari liko mlangoni pako." Nilitoka pale nikitembea kama nimeongezwa mshahara.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Mwenye duka jirani na soko, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Ujiji, alikuwa na pikapu kuukuu ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Alisikia habari, akaja mwenyewe. "Mwanangu, mimi nikishaswali alfajiri naelekea Kasulu. Nitaanzia kwenu, nimpeleke mama uwanjani kwanza. Pikapu yangu mbaya, lakini inafika." Nikamshukuru, nikamwambia asijisumbue, gari lipo. Pikapu ile ilinuka dagaa na mafuta ya taa.

Nisizungukezunguke: niliona aibu. Nilimwona akilini mama yangu akitua mbele ya wageni wa suti na rubani wa Kizungu, amebebwa kitandani na wanaume wenye matope mpaka magotini, na mkubwa wangu akiniangalia. Nilitaka ashuke kwenye Landrova, mlango ukifunguliwa na dereva. Nilikuwa naipigania heshima yangu na kuiita heshima yake.

Mama aliisoma akili yangu kwa lile jicho moja lililobaki. "Hilo gari umeliona?" akauliza.

"Nimeahidiwa, mama."

"Ego," akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo. "Hata redio hutuahidi mvua." Akajivuta kwenye mkeka. "Nimefika mpaka hapa kwa ingobyi. Kwa nini nisimalizie nayo?"

"Mama, hapa ni mjini."

Nikatoka nje nikawaambia wale wanaume wasilale kwenye baridi bure, gari lipo, wale ugali wawahi kuianza njia wakati bado kuna mwanga. "Asanteni sana," nikasema.

Yule jirani mrefu akainuka pale alipoketi. "Umesema asante?"

"Nimesema."

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kiha kwamba wamefunguliwa. Walikula, wakaikunja ingobyi, wakaenda zao. Hakuna aliyenuna. Nakumbuka niliona hata nafuu, mbele ya chumba changu pakiwa pamebaki patupu na safi.

Asubuhi ya Ijumaa mama alikuwa tayari kabla ya jua. Alivaa kitenge chake cha Krismasi, akajifunga kitambaa juu ya jicho la kulia, kifurushi chake kikiwa mapajani. Tuliketi kizingitini. Pikapu ya mwenye duka ilipita alfajiri, ikapunguza mwendo mbele yetu, mzee akatoa kichwa dirishani. Nikampungia mkono kwamba mambo ni shwari. Akaenda Kasulu.

Saa mbili kamili Landrova ikatokea kweli. Moyo wangu ulijaa. Lakini ilikuwa imejazwa viti, meza, kreti za soda na wanawake wanne wa ngoma waliokalia zile kreti, na mkubwa wangu mbele na miwani ya jua. Haikusimama. Alichomoa mkono akapiga kelele, "Tunashusha viti, gari linarudi sasa hivi!"

Tukangoja hiyo sasa hivi. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasoro robo. Ndege ikapita juu ya paa ikishuka, mama akainua uso, akasema, "Hiyo ndiyo yangu?" Nikamwambia ndiyo, gari linakuja. Saa tatu na robo nikaanza kwenda barabarani na kurudi. Ningekuwa na wale kumi na wawili, muda huo mama angekuwa amekaa kwenye kiti chake ndani ya ndege. Nililijua hilo pale pale.

Nikaazima baiskeli ya jirani. Nikampakia mama nyuma, kwenye kiti cha mizigo, nikamfunga na kanga kiunoni mwangu ili asianguke, nikaanza kunyonga. Kilima cha kwanza tu akaanza kutapika. Kile kichwa chake hakikuweza kuvumilia mitikisiko. Nikafungua kanga, nikashuka, nikawa nasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine mgongoni mwake. Tukasimama mara nne. Kila tukisimama aliniambia, "Twende tu, nitapona huko huko."

Tulikuwa tumebakiza kama nusu ya njia Landrova ilipokuja mbele yetu, inarudi mjini. Nikaegemeza baiskeli kiunoni nikanyoosha mikono yote miwili. Ilipunguza mwendo. Ndani kulikuwa na wageni watatu na masanduku yao, na mkubwa wangu amebanwa katikati. "Pole sana, kijana," akasema, "ratiba ilibadilika. Kazaneni, bado mnaiwahi!" Kisha likabaki vumbi. Nilimchukia mtu yule kwa chuki safi, na sioni sababu ya kusema leo kwamba imekwisha.

Dakika chache baadaye tukaisikia injini. Ndege ikapanda juu ya miti, ikatupita, ndogo na nyeupe. Mama alikuwa ameniegemea begani, jicho lake limejaa machozi ya maumivu, haoni mbali. Akauliza, "Ndege hiyo inakuja au inakwenda?"

"Inakuja, mama," nikasema. "Ile ya kwanza haikuwa yako."

"Basi sukuma, mwanangu! Sukuma!"

Nikasukuma. Nilisukuma baiskeli ile mpaka mwisho wa njia, nikimpeleka mama yangu kwenye ndege niliyokwisha kuiona ikiondoka, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kusimama. Yeye akawa ananihimiza kwa mikono mgongoni. Alisema hata kichwa kimepungua kuuma.

Uwanja wa ndege wa Kibondo ulikuwa majani tu yaliyofyekwa. Siku zisizo na ndege, yaani karibu siku zote, ng'ombe walilishwa pale, na siku ya ndege walifukuzwa tangu asubuhi. Tulipofika nikamshusha. Akasimama, akanyoosha kitenge, akapangusa mdomo ili asiende kwa watu amechafuka. Halafu akasikiliza. Kengele za ng'ombe zilikuwa zikilia polepole pande zote.

"Ng'ombe wamerudi," akasema. Akaketi chini kwenye majani.

Habari nyingine nilizipata kwa dereva wa ofisi, aliyekuja kwangu baadaye kwa aibu yake. Aliomba ruhusa mara tatu ya kutufuata, akaambiwa angoje hotuba iishe. Rubani naye alingoja robo saa zaidi, akiuliza mgonjwa yuko wapi. Mwisho kiti cha mama hakikuruka kitupu. Kiliwekwa madebe mawili ya asali, zawadi kwa mtu fulani wa huko mbele.

Jicho la kushoto lilikwenda kabla mwezi haujaandama. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akipukuchua maharage kwa vidole na kuwatambua watu kwa nyayo. Hakunilaumu hata mara moja. Alinitetea, kama alivyonitetea maisha yake yote. Ndugu walipouliza ilikuwaje akakosa ndege, alijibu kwamba ndege iliwahi kuondoka. Sikuwahi kumsahihisha. Nilikaa pale nikinywa chai yake.

Lakini kuna siku moja ambayo hakunitetea, nayo ni ile ya kumrudisha nyumbani. Sikuwaita wale wabebaji, nisingethubutu. Mama ndiye aliyetuma neno kwa mwanamke mmoja wa soko anayerudi Mabamba. Mwenye duka alitoa tena pikapu yake, na safari hii nilimbembeleza mama aikubali. Akakataa. "Nitarudi na walionileta," alisema.

Wakaja wote kumi na wawili. Wakamsalimu, wakamlaza, wakamfunika. Hakuna aliyeniuliza lolote kuhusu gari. Nilikuwa nimevua viatu vya ofisi, nimekunja ile suruali mpaka magotini, nikaenda nikashika mti wa mbele, upande wa kushoto, nikainama kuuweka begani.

Yule jirani mrefu akautoa mkono wangu kwenye mti, kidole kimoja kimoja, bila hasira, kama unavyomtoa mtoto kwenye kitu cha kukata.

"Acha, mwanangu," akasema. "Wewe subiri gari."

Nikamtazama mama. Alikuwa ameelekeza uso juu, macho yote mawili yamefungwa kitambaa, na alikuwa amesikia, kwa sababu mkono wake uliacha kucheza na pindo la shuka. Nikangoja aseme neno. Wakamnyanyua wakaondoka naye, na hakulisema.