Mtungi Ulionyamaza

Mvua za kwanza zikiugusa mtungi ulioko nyuma ya nyumba yangu hapa Sumbawanga, unatoa harufu ya maua. Wageni hudhani nimepanda asumini. Sijapanda kitu. Ni harufu ya sabuni ya unga, na imo ndani ya udongo ule tangu nilipokuwa na miaka kumi. Nimeuanika, nimeufukiza, nimeujaza majivu kiangazi kizima. Mwaka ukizunguka na mvua ikirudi, harufu nayo inarudi. Kuna siku nafunga dirisha.

Mtungi ulikuwa wa Bibi, mama yake baba, aliyenilea katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Namanyere. Alipika pombe ya ulezi, na jinsi ya kusafisha vyombo vyake halikuwa jambo la mjadala. Pombe ikiisha alimimina maji ya moto mtungini, akasugua ndani kwa gunzi la mahindi, akamwaga, kisha akaufudikiza juu ya moshi mpaka ukauke. Sabuni aliipiga marufuku. "Mtungi si shuka," alisema, "haufuliwi." Sikuwahi kuuliza kwa nini, maana watoto wa wakati ule tuliuliza maswali machache na kula makofi machache. Pombe mpya ikishatiwa, siku ya pili mtungi ulianza kusema, chwi, chwi, chwi, kama watu wawili wanaosengenya chumba cha pili. Bibi aliweka sikio, akacheka, akanisimulia yaliyosemwa humo, na kila mara yalikuwa umbea uleule alioutaka yeye. Aliniita mke mwenzake, kwa kuwa Babu aliniita mke wake mdogo, na nikiunguza ugali alinitishia kunirudisha kwetu.

Babu alifariki msimu wa palizi. Asubuhi ile waligombana kwa sababu ya mbuzi aliowaacha wakala miche, na Bibi, mwenye ulimi mwepesi, akamwambia mbele yangu, "Nenda! Na ukirudi usiniombe hata tone la pombe yangu." Hakurudi. Walimkuta amelala juu ya tuta la maharage, jembe liko pembeni. Tangu hapo Bibi alilibeba neno lile kila alikokwenda. Alingoja mavuno ili apike pombe ya kumalizia msiba, kwani katika ukoo wetu kata ya kwanza humwagwa kaburini kwa jina la marehemu. "Nilimnyima," aliniambia siku moja akipepeta ulezi. "Sasa nitampa kabla ya mtu yeyote. Akiipokea, nitalala usingizi."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Aliyekulia katika uhaba, akafua kwa majivu na kuoga maji matupu, anajua sabuni ilivyotuingia akilini maduka yalipojaa. Shangazi, aliyekuwa na meza sokoni Sumbawanga, alitushushia pakiti tatu za sabuni ya unga, ya buluu, yenye harufu ambayo kijijini kwetu hakuna pua iliyoijua, kisha akarudi mjini kwenye biashara yake. Shuleni mwalimu alitufundisha kwamba vijidudu hujificha kwenye nyufa na kwamba sabuni ndiyo kiboko yao. Basi siku Bibi alipokwenda mashine kusaga kimea, aliniachia mtungi, maji ya moto na gunzi. "Usafishe vizuri, mke mwenzangu. Mume wetu anakuja." Nilisimama katikati, gunzi mkono mmoja, pakiti mkono mwingine. Nilichagua pakiti, na nilichagua kwa upendo. Nilitaka Babu anywe kwenye chombo kisafi kuliko vyote alivyowahi kunywea. Povu lilinifika viwikoni. Nilisuuza mara saba, nikafukiza kama nilivyofundishwa, na moshi ukaifunika harufu. Pua ya Bibi, kwa upande wake, ilishakufa zamani kwa ugoro.

Siku ya pili mtungi haukusema. Bibi aliweka sikio, akasubiri, akaondoka bila kucheka. Siku ya tatu aliweka sikio tangu asubuhi, kazi zikamlala. Mimi nilizunguka uani, nikijua na sitaki kujua. Siku ya nne wazee wa ukoo walifika, wamejitanda mablanketi kwa ule upepo wa Ufipa usio na huruma. Mdogo wake Babu alichota, akaonja, akatema.

"Shemeji, hii imelala," alisema. "Na hii harufu ya manukato si ya pombe. Ni ya wale tusiowaona. Kaka amekataa."

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeficha viganja kwapani kwa kuogopa visinukie. Nilimsubiri Bibi alie, na kama angelia nadhani ningetoka nikasema. Hakulia. Alijifunga khanga upya kiunoni, akasema, "Ana haki."

Nilijiambia nitasema kesho. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya mnyamavu haina mwisho, mimi bado naitembea. Bibi hakupika pombe tena. Mtungi ulikaa chini ya upenu, mtupu, na kila asubuhi kabla ya kwenda shamba aliinama na kuweka sikio. Miaka mitatu baadaye, akiwa kitandani asikoinuka, alinishika mkono.

"Mke mwenzangu, mume wetu bado amekasirika?"

"Hapana, Bibi. Hajakasirika."

Akanitazama kwa macho yaliyotaka sana kuamini. "Umejuaje?"

Nikamvutia blanketi hadi mabegani. Wiki ile tulimzika kando ya Babu.

Leo natengeneza mvinyo wa rozela, kwenye mapipa ya plastiki na makopo makubwa ya chuma. Vijana wanakuja hata kutoka Kipili kuniuliza kuhusu usafi, nami sifichi kitu. Usitumie sabuni yenye manukato. Plastiki usiisugue kwa kitu kikali, mikwaruzo huficha uchafu. Suuza mpaka maji yasiwe na ladha. Na mtungi wa udongo usiuguse kwa sabuni kabisa, kwa sababu udongo hunywa, na humo kwenye vitundu vyake ndimo hamira inamolala ikingoja pombe nyingine. Ukiiua hiyo, umeua mtungi. Wanaandika kwenye simu zao, wananishukuru, wanasema kwaheri mama, wanakwenda. Mapipa yangu hayanyamazi, chwi, chwi, mchana kutwa, wala sijawahi kuyawekea sikio. Wananiamini kwa kila ninachosema. Aliyeniuliza nimejuaje ni mmoja tu, na huyo ndiye niliyemnyima jibu.